KIBERITI CHA BABU MKUU

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Muhula huu nimejifunza kwamba hata mtu asiyesema uongo anaweza kuikuta njia yake imekatika ghafula, akabaki amesimama mbele za watu hana la kusema. Mambo hayo yalinipata mimi, na chanzo chake ni kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya muhula. Kiranja wa bweni letu alikuwa akikagua masanduku baada ya usafi, kama ilivyo desturi. Alipofungua langu alitoa nguo, madaftari, sabuni, na kopo la dagaa ambalo Mama alinifungia. Kisha mkono wake ukagusa kitambaa chenye fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kiberiti cha petroli, cheupe, cha bamba la chuma, namna ile ambayo wengine huiita laita. Bweni zima likanyamaza. Kila msomaji wa gazeti hili anajua kwamba kuonekana na kiberiti shuleni ni karibu sawa na kuonekana na sigara yenyewe.

"Hiki cha nani?" akauliza.

"Cha Babu Mkuu," nikajibu. "Alikipata vitani Burma mwaka 1944."

Wenzangu wakaangua kicheko. Kiranja hakucheka. Alikifunga tena katika kitambaa, akaniambia nimfuate kwa mwalimu wa zamu.

Yafaa nieleze kwa nini nilikuwa na kitu hicho. Chama chetu cha Historia kilikuwa kimetangaza kwamba Siku ya Wazazi patakuwa na meza ya vitu vya kale, na kila mwanachama alete kitu kutoka kwao. Kwetu hakuna kitu cha kale kinachoheshimiwa kama kiberiti hicho. Kila Idd, chakula kikiisha, Babu hukitoa ndani ya kasha lake, na mmoja wa baba zangu wadogo husimulia habari zake: jinsi Babu Mkuu, yaani baba yake Babu, alivyombeba mgongoni nahodha wa Kiingereza aliyejeruhiwa, akatembea naye nusu siku katika matope mpaka mtoni, na nahodha yule, kabla ya kupelekwa hospitali, akatoa kiberiti mfukoni akampa. Nilipomwomba Babu anipe nije nacho shuleni, alisita sana. Alikigeuza geuza mkononi, akanitazama, akatazama chini. Bibi ndiye aliyesema, "Mpe mtoto, kitu cha ukoo ni chake pia." Babu akanipa bila neno. Wakati huo nilidhani anahofia nisikipoteze.

Kwa bahati yangu mwalimu wa zamu siku ile alikuwa ndiye mwalimu wetu wa Historia. Alikinusa kiberiti, akakifungua, akatazama utambi. Ulikuwa mkavu kama unyasi wa kiangazi.

"Hiki hakijawashwa siku nyingi," akamwambia kiranja. "Sigara hapa hapana. Lakini amevunja sheria kwa kutokikabidhi siku aliyofika. Atafagia maktaba juma zima." Kisha akanigeukia. "Haya, nipe habari zake."

Nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba vita hivyo ni vya kweli kabisa. Askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi, waliunganishwa pamoja na wenzao wengine katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Walivushwa bahari mpaka Ceylon mwaka 1943, na katikati ya mwaka 1944 wakaingia Burma. Waliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, mvua ikinyesha siku baada ya siku, magari yakazama katika matope, na chakula kikawa kinadondoshwa na ndege kwa miamvuli. Mwezi wa Novemba waliingia Kalemyo, na mwezi wa Desemba jeshi likauvuka mto Chindwin penye mji wa Kalewa. "Kwa hiyo babu yako mkuu huenda alikuwako," akasema Mwalimu. "Lakini kiberiti nacho kina ulimi wake. Jumatatu tutakisikiliza."

Jumatatu jioni wanachama wote walifika, na wasiokuwa wanachama wakachungulia madirishani. Mwalimu wa Fizikia alikuja na lenzi ya kukuzia na kitambaa laini. Kwanza alikichomoa kiberiti tumbo lake kutoka katika gamba, akatuonyesha kinavyofanya kazi. Ndani kuna pamba iliyoshindiliwa, ambayo hunyonya mafuta na kuyashika yasimwagike. Utambi hupita katikati ya pamba na kutokeza juu, umezungukwa na ukuta mdogo wenye matundu, ambao huruhusu hewa kuingia lakini huzuia upepo usiuzime moto. Kando yake kuna gurudumu lenye meno, na chini ya gurudumu kijiti cha jiwe kinachosukumwa na springi.

"Lile mnaloita jiwe si jiwe," akasema. "Ni mchanganyiko wa chuma na madini yaitwayo seriamu na jamaa zake. Aliyeugundua ni Mwaustria, Carl Auer von Welsbach, na alipata hataza yake mwaka 1903. Meno ya gurudumu yanakwangua vumbi, na vumbi hilo likikutana na hewa linawaka lenyewe. Kabla ya hapo viberiti vya mfukoni vilikuwa taabu tupu."

Kisha akakigeuza juu chini, akakisafisha kitako kwa kitambaa, akanipa lenzi nisome kwa sauti. Nilisoma neno ZIPPO limeandikwa katikati. Nikasoma BRADFORD, PA., na maneno ya kuonyesha kwamba kimetengenezwa Marekani, na namba PAT. 2517191.

"Je, kuna nukta zozote?" akauliza Mwalimu wa Historia.

Nikatazama tena. Kushoto mwa neno ZIPPO palikuwa na nukta moja. Kulia palikuwa na nukta moja.

Walimu wangu wawili wakatazamana. Mwalimu wa Historia alikuwa ameandika karatasi tangu Jumamosi, maana alikwisha kutafuta katika intaneti. Akaeleza pole pole, kama mtu asiyependa kufika mwisho wa maneno yake. Kampuni hiyo ilianzishwa na Bwana George Blaisdell katika mji wa Bradford, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1932, na viberiti vya kwanza viliuzwa mwaka 1933. Hataza yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1936, na namba yake ni 2032695. Namba iliyomo katika kiberiti chetu ni ya hataza nyingine, iliyotolewa mwaka 1950. Tena, wakati wa vita Marekani ilihitaji shaba kwa silaha, kwa hiyo viberiti vya askari vilifanywa kwa chuma cha pua na kupakwa rangi nyeusi yenye mikunjo. Hiki ni cheupe, kinang'aa.

"Na hizi nukta," akaendelea, "ndizo saa yake. Kiwanda kilikuwa kikipunguza nukta moja kila mwaka. Mwaka 1959 zilikuwa nne kushoto na tatu kulia. Mwaka 1960 tatu na tatu. 1961 tatu na mbili. 1962 mbili na mbili. 1963 mbili na moja. Moja na moja, huo ni mwaka 1964. Mwaka 1966 wakaacha nukta, wakaanza vijiti."

Hapakuwa na haja ya mtu kuniambia kwamba vita vilikwisha mwaka 1945. Kicheko kilianzia madirishani kikaingia ndani. Toka jioni ile jina langu bwaloni likawa "Burma". Nikipita na sahani yangu, wenzangu husimama na kupiga saluti. Sikuona uchungu kwa ajili yangu tu. Niliona kana kwamba wamemcheka Babu Mkuu, ambaye amelala kaburini tangu mwaka 1979 na hawezi kujitetea. Usiku nilijiuliza: Kama kiberiti si cha kweli, je, Burma nayo si ya kweli? Na nani alisema uongo? Yeye? Babu?

Siku ya pili Mwalimu wa Historia aliniita maktabani, nikiwa na ufagio mkononi. Akanirudishia kitambaa kile.

"Kitu hakisemi uongo," akaniambia, "lakini mtu anaweza kukosea bila kusema uongo. Likizo ya katikati ya muhula ikifika, nenda kaulize nyumbani. Usiende kama hakimu. Nenda kama mtoto wa watu."

Nilifika kwetu, kando ya mto Pangani, Ijumaa alasiri. Babu alikuwa chini ya mwembe anashona wavu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Babu," akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, shule hawajambo?" Nikakaa kwenye gogo karibu naye. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ndani ya basi, lakini nilipotoa kiberiti na kumpa, maneno yote yalinikimbia. Nikasema tu, "Babu, walimu wamekisoma kitako chake."

Sindano ya wavu ikasimama.

"Kinasemaje?"

"Kinasema kimezaliwa mwaka 1964."

Babu alikaa kimya kitambo. Kunguru walilia juu ya mwembe mpaka wakachoka. Halafu akasema, "Alhamdulillahi," na akaweka wavu chini. Nilishangaa, maana sikutegemea shukrani.

Nayaandika aliyoniambia kwa ruhusa yake.

"Mwaka 1965 nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Baba alikuwa na kiberiti chake cha Burma, lakini si hiki. Kile kilikuwa cha shaba, cha mviringo, chembamba kama kidole, urefu wake unazidi kidogo kidole hiki cha shahada. Wala hakukipewa na nahodha. Hilo la nahodha waliliongeza baba zako wadogo, kila Idd likakua. Baba alikuwa na rafiki yake, fundi wa jeshi, mtu wa Nyasaland. Kule mvua haikukatika, na viberiti vya njiti vililowa vyote, havikuwaka hata ukivilaza kifuani. Basi fundi yule akachukua ganda la risasi lililokwisha kupigwa, akalijaza pamba, akalitia utambi, akaunga kijigurudumu kando kwa risasi ya kuchomea. Alifanya viwili, kimoja chake na kimoja cha Baba. Yeye hakurudi. Alizikwa huko huko kabla ya kufika mtoni. Kwa hiyo Baba akikiwasha kiberiti kile, alikuwa akimkumbuka mtu."

Alinyamaza, akautazama mto.

"Siku moja Baba amelala adhuhuri, nikakiiba. Nilitaka kuwaonyesha vijana wenzangu. Tukaingia katika mtumbwi, tukafika katikati ya mto, nikasimama kukiwasha ili wote waone. Mtumbwi ukayumba. Nilikisikia tu, chubwi! Tulizamia mpaka jioni. Mto huu huujui wewe: una matope na una mamba. Hatukukiona, na mpaka leo kimo humo."

"Ukafanyaje, Babu?"

"Nilikimbia. Nilisema nakwenda kumsalimu mjomba, nikaenda Tanga. Siku hizo meli za katani zilikuwa zikitia nanga nje, na mizigo hupelekwa kwa matishari. Nikapata kibarua cha kupakia. Robota za katani zilinichuna mabega. Mwezi wa pili baharia mmoja aliteremka pwani akiuza vitu vyake, na katika vitu hivyo kiberiti hiki. Kilikuwa kipya, kinametameta. Nikampa mshahara wa majuma matatu. Nilijiambia, kiberiti kwa kiberiti. Hiki tena ni kizuri zaidi. Akili ya mtoto hiyo."

Alirudi nyumbani usiku, akakiweka juu ya meza ndogo mahali pale pale kilipokuwa kikikaa cha kwanza. Alfajiri baba yake alitoka chumbani, akanyosha mkono kama kawaida, akakishika. Babu alikuwa amejifunika shuka, anachungulia. Aliona baba yake akikipima uzito, akikifungua na kukifunga, kisha akayatazama mabega ya mwanawe yaliyotokeza nje ya shuka, yana makovu mabichi ya katani. Akawasha sigara yake. Akasema neno moja tu: "Kinawaka vizuri." Akatoka kwenda kusali.

"Mama alipouliza mbona kiberiti kimebadilika," Babu aliendelea, "Baba alimjibu, 'Nimekivika nguo mpya.' Basi. Miaka kumi na minne iliyobaki alikitumia hiki, na kila aliposimulia habari za Burma alikishika mkononi, akanitazama mimi. Hakunipiga, wala hakuniuliza. Laiti angenipiga! Alipofariki, wazee wakanikabidhi mimi kwa kuwa ni mzaliwa wa kwanza. Nilikipokea kama mtu anayekabidhiwa deni lake mwenyewe. Watoto wangu wakakua wanaamini ndicho cha Burma, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Sikujua la kumwambia mtu mzima. Nikamuuliza swali ambalo nadhani Mwalimu angeuliza: "Babu, kile cha kwanza kilikuwa na maandishi?"

Uso wake ukafunguka. "Jinsi gani hakikuwa nayo! Ndiyo herufi zangu za kwanza hizo. Kitakoni kilikuwa na K, kisha 42, kisha V na vijiti viwili. Nilikuwa nikiviandika mchangani kabla sijaanza shule." Akachukua kijiti, akaandika mbele ya miguu yake: K 42 VII.

Nilinakili katika daftari. Jumatatu nilimpelekea Mwalimu wa Historia ukurasa ule, sikumwambia zaidi ya kwamba ni maandishi ya kitako cha ganda la risasi. Alikwenda kuyatafuta, akarudi karibu anakimbia. K ni alama ya kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, Uingereza, kilichofanya risasi za bunduki za jeshi la Kiingereza. 42 ni mwaka 1942. VII ni namna ya saba ya risasi ya .303, ambayo ndiyo waliyotumia askari wa King's African Rifles. Ganda lake lina urefu wa milimita 56 hivi, unaozidi kweli kidole cha shahada kwa mkono wa mtoto, kama si kwa mkono wa Babu. (Mwalimu alituonya papo hapo kwamba mtu akiokota risasi shambani au porini asiiguse, bali aite polisi, maana ya fundi yule ilikuwa ganda tupu, na yeye alikuwa askari.)

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kiberiti kilichoko mkononi kilikana Burma, na kiberiti kilichoko chini ya mto, ambacho hakuna awezaye kukishika, kikaishuhudia. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kubuni alama za kiwanda cha Birmingham.

Siku ya Wazazi tulikiweka kiberiti mezani pamoja na vitu vya wenzangu. Mwalimu aliniachia niandike mwenyewe kadi yake. Niliandika hivi: "Kiberiti cha petroli. Kilitengenezwa Marekani mwaka 1964. Kilinunuliwa Tanga mwaka 1965 na kijana aliyepoteza kiberiti cha baba yake, kilichofanywa Burma kwa ganda la risasi. Baba alijua." Kando yake niliweka karatasi yenye K 42 VII.

Babu alikuja amevaa kanzu yake ya Idd, pamoja na Bibi na baba yangu mdogo, yule msimulizi mkubwa. Nilikuwa na hofu, ingawa Babu alikwisha kuwaambia wote nyumbani. Alisimama mbele ya meza, akavaa miwani, akaisoma kadi mara mbili. Baba mdogo alisema kwa sauti ya chini kwamba habari za nahodha zilikuwa tamu zaidi. Babu akamjibu, "Tamu ndiyo, lakini yule fundi alikuwa hana mtu wa kumtaja."

Kiranja wetu alikuwa akilinda meza ile. Alimwamkia Babu kwa adabu, kisha akanivuta kando akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna kosa, alifanya kazi yake. Na kama asingelifungua fundo lile, Babu angekwenda na siri yake kaburini. Jina la "Burma" wenzangu bado wananiita. Sasa naliitikia.

— Mwanafunzi wa Kidato cha III